Nani Mwenye Kizimba? Mhadhara kwa Wafanyabiashara wa Korogwe na Handeni

 

Mmeniomba nizungumzie jinsi biashara za wilaya zetu zinavyoweza kuwapokea watu wa kila namna: mwanamke, kijana, mwenye ulemavu, mfugaji, mgeni. Nimekubali, ila nitaanza na neno ambalo huenda likawaudhi walionialika. Watu wa kila namna tunao tayari, tangu enzi za babu zetu. Kilichopungua ni mgawo, yaani jina kwenye daftari la wanachama, namba ya kizimba, kiti kwenye kamati ya soko, saini kwenye hati ya mkopo. Mtu anaweza kukaa Korogwe miaka arobaini, akauza na kununua, akaoza na kuzika, asipate hata kimoja kati ya hivyo. Hapo hatuwezi kusema tumempokea. Tumemzoea tu.

Tazameni historia yetu wenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani, na huko ndiko ulikoanzia mkonge wa nchi hii. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge ukaifuata. Ngombezi, Magunga, Mwelya, Hale, Magoma, Mazinde: majina haya leo ni ya kata na vijiji, lakini kwa vizazi viwili yalikuwa majina ya mashamba. Zao lile lilitaka mikono mingi. Kuna kukata majani, kufunga mizigo, kusukuma vitoroli hadi korona, yaani mashine ya kuchakata majani, kuanika singa juani, kupiga brashi. Wasambaa, Wazigua na Wabondei walikuwa na mashamba yao ya mahindi na migomba, na wengi wao hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miiba kwa ujira ule. Basi wenye mashamba wakatafuta watu mbali. Walikuja Waha kutoka Kigoma, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni wa Songea, Wamakonde, hata Warundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyowasomba watu kwa malori na treni. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa manamba.

Kwa kuchanganya watu, mashamba yale hayakuwa na mfano. Makambini watu walipangwa kwa makabila, lakini korona haikujua kabila, wala kipande, ile kadi ya kazi ya siku 30, hakikumjua Muha wala Mbena. Utani wa makabila ulinoga kule kuliko popote, na haukuwa mzaha mtupu. Mtu aliyefia ugenini bila ndugu alizikwa na watani zake. Mwaka 1958, pale Mazinde, vibarua wa makabila mbalimbali waligoma pamoja kwa zaidi ya miezi miwili. Waliungana hivyo bila kufundishwa na semina yoyote.

Ila nani alimiliki nini? Manamba alipewa chumba cha kambi, posho ya unga, na kipande. Shamba lilikuwa la Mgiriki, la Mwingereza, la Mhindi. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge na kuongoza dunia, na mikono iliyozitoa haikuwa na ekari moja. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, mashamba mengi yakawa ya umma, na kibarua akabaki kibarua. Nyuzi za plastiki zikaua bei duniani, uendeshaji nao ukayumba, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumeshuka hadi kama tani 20,000. Kwenye kambi zilizobomoka wakabaki wajukuu wa manamba. Kigoma hawaijui, na Korogwe hawana hati.

Ndiyo maana nasema, na wengine hapa watanibishia, kwamba jambo kubwa zaidi la kuwashirikisha watu lililowahi kufanyika wilayani Korogwe halikuitwa hivyo kabisa. Baada ya mashamba ya umma kubinafsishwa, kampuni ya Katani ilianza kuwagawia wakulima wadogo ploti ndani ya mashamba yale yale: panda mkonge wako, leta majani korona, lipwa. Kutoka hapo zikazaliwa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, za Ngombezi, Magunga, Mwelya, Hale na Magoma. Mpango ule ulikuwa na migogoro yake juu ya hesabu na makato, mnaijua kuliko mimi, na serikali ililazimika kuingilia. Hata hivyo mjukuu wa manamba alipata ploti yenye namba, na safari hii namba ilikuwa ya ardhi. Akaweza kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Mtu anayeruhusiwa kuuliza swali hilo ndiye mwenza wa biashara.

Sasa nendeni korona siku ya kupeleka majani mkamwangalie anayeshusha mizigo. Mara nyingi ni mwanamke. Ameamka saa kumi, amekata, amehesabu majani thelathini-thelathini na kuyafunga, na mikono yake imechubuka kwa utomvu wa mkonge, ule unaowasha hadi usiku. Karani akiuliza jina la mwanachama, anataja la mume. Malipo yanaingia akaunti ya mume. Mume akifa, shemeji anakuja na barua ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Sheria hiyo imekaa miaka zaidi ya ishirini na mitano, ilhali daftari la wanachama linaandikwa upya kila msimu na karani ambaye hakuna aliyemwambia aongeze safu ya jina la pili. Hapo kinachotakiwa ni rula na kalamu.

Nisije nikaonekana nasifu biashara binafsi kana kwamba serikali peke yake ndiyo huwafungia watu nje, au kinyume chake. Tumewahi kufungiana milango kwa njia zote mbili. Enzi za mkoloni mwenye duka Mwafrika alinyimwa mkopo ambao jirani yake Mhindi aliupata kwa mtandao wa ndugu zake wa Tanga na Zanzibar. Halafu mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na familia nyingi za Kihindi na Kiarabu zikafunga virago. Mwaka 1976 zikafuata Operesheni Maduka, iliyofunga maduka ya watu binafsi, na amri ya kuvunja vyama vya ushirika, na kila mwenye umri wangu anaikumbuka foleni ya sukari iliyofuata. Tulimtoa aliyejua kuleta bidhaa, na hatukumpa nafasi yake mwingine anayejua. Wilaya ikimfukuza mfanyabiashara kwa asili yake, inabaki na jengo tupu.

Sasa nitoke Korogwe, niende Handeni, na nianze na hadithi inayotuunganisha.

Wasambaa tuna hadithi ya Mbegha, ambayo Abdallah bin Hemed bin Ali Ajjemy aliiandika kwa Kiswahili zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mbegha alitoka Nguu, mwindaji aliyefukuzwa kwao. Alipanda milima na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wakila mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Walibadilishana. Na kwa kuwa alikuwa na faida kwao, hawakumwacha akae porini kama mgeni wa kudumu; walimwoza, wakampa kiti. Utawala wa Wakilindi, waliotutawala Wasambaa, ukatoka kwa mgeni. Watani zangu Wazigua hupenda kunikumbusha kwamba mfalme wetu tulimpata kwao. Ni kweli, na hatujawalipa.

Lakini Handeni ina habari nyingine, ya kweli tupu, ambayo vijana wengi hapa hawajaisikia. Miaka ya 1830 njaa kubwa ilipiga Uzigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, wengine wakipanda majahazi kwa ahadi ya kazi na shibe, wakajikuta wameuzwa Barawa, Marka na Mogadishu. Baadhi yao walitoroka, wakakimbilia bonde la mto Juba, wakafyeka misitu na kuanzisha vijiji vyao. Walikaa huko zaidi ya karne moja na nusu. Waliilima nchi ile, lakini hawakuhesabiwa wenyeji wake, kwa kuwa hawakuwa na ukoo miongoni mwa koo za Kisomali. Vita vya mwaka 1991 vilipozuka, ghala za wakulima zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuporwa, na wasio na ukoo hawakuwa na wa kuwatetea. Wengi walikimbilia kambi za Kenya, na kutoka huko maelfu wakapelekwa Marekani. Wengine walipanda tena majahazi, safari hii wakielekea kusini, wakafika Tanga. Walikuwa wakizungumza Kizigua.

Waliwekwa Mkuyu, Handeni, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, wilaya hiyo hiyo. Ninachotaka mkione ni namna ile makazi ya Chogo yalivyoanzishwa. Hawakuzungushiwa waya wakapimiwa mahindi tu. Walipewa ardhi ya kulima, na shule, zahanati na soko vikajengwa ambavyo vijiji jirani navyo viliweza kuvitumia. Kisha serikali ikafungua njia ya uraia. Kufikia mwaka 2009 zaidi ya watu 1,000 kati yao walikuwa wamepewa. Miaka 170 hivi baada ya babu kuuzwa kwa pishi ya nafaka, mjukuu alipata cheti cha uraia wa Tanzania.

Kwa mfanyabiashara karatasi ile ina uzito. Nchi hii sasa laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Bila namba hiyo huna laini, bila laini huna pesa ya simu, na bila pesa ya simu mnunuzi wa Dar es Salaam hatakutumia malipo ya mahindi yako. Utamsubiri dalali mwenye noti mfukoni na bei yake. Undugu wa damu watu wa Chogo walikuwa nao tangu siku ya kwanza. Wazee wa Handeni waliwatambua kwa lugha na kwa majina ya koo. Hata hivyo ulihitajika uamuzi wa serikali, ardhi na cheti, ndipo undugu ukawa riziki.

Leo mtihani kama huo umerudi Handeni kwa sura nyingine. Tangu Juni 2022 familia za wafugaji wa Kimasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera. Kuhusu uhamisho huo kuna ubishi mkubwa. Serikali inasema ni wa hiari, na kila familia inapewa nyumba ya vyumba vitatu, eneo la ekari 2.5 na shamba la ekari 5. Mashirika ya haki za binadamu yanasema watu walisukumwa kwa kupunguziwa huduma walikotoka, na yamekosoa kwamba nyumba ni moja ile ile, mtu awe na mke mmoja au watatu, huku waliokuwa wakiishi Msomera kabla nao wakilalamika juu ya ardhi. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Ila nina la kuwaambia wafanyabiashara. Mfugaji aliyehama na mifugo yake anahitaji dawa, chumvi, unga na mabati. Ana ng'ombe, maziwa na ngozi za kuuza. Mkimwona wa kumpunja kwa sababu Kiswahili chake ni kizito na bei za huku hazijui, mtafaidi misimu miwili. Baada ya hapo atajenga mnada wake, na atakuwa na haki. Na mkewe wa pili, ambaye nyumba haina jina lake, atatafuta wapi mtaji wa kuuza maziwa? Swali hilo liulizwe kwenye kikao cha mikopo, si kwenye mhadhara.

Tuje kwenye jambo dogo linalonikera kuliko yote, na naomba madalali mnivumilie: lumbesa. Gunia la mahindi limejaa hadi mdomoni. Halifungwi. Kinaletwa kipande cha gunia jingine, kinashonewa juu kwa kamba ya katani, tena huenda ni katani ya Ngombezi, na mahindi yanaendelea kumiminwa na kushindiliwa kwa ngumi mpaka gunia linaota kichwa na mabega. Linabebwa na watu wawili. Bei ni ya gunia moja. Sheria ya Vipimo hairuhusu mzigo wa mazao uzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo husema hivyo kila msimu. Sasa nani anauza kwa lumbesa? Mjomba wa dalali hauzi hivyo. Mwenye lori lake hauzi hivyo. Anayeuza hivyo ni mjane asiye na wa kumsindikiza sokoni, kijana aliyelima mara ya kwanza, mgeni wa juzi, mama anayewahi kurudi kwa mtoto. Mizani ya kuning'iniza pale getini ingewafikisha wote hao mahali pamoja na mjomba wa dalali. Nimehudhuria warsha nyingi za usawa wa wanawake zenye chai nzuri na sambusa, na zote pamoja hazikumsaidia mama muuza mahindi kwa kadiri ya mizani moja iliyosimikwa.

Mikopo ya halmashauri nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa maofisa wako hapa na watawaeleza. Tangu mwaka 2018 ni sheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inatengwa kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilisitishwa, baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu kufichua madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Mwaka 2024 ikarudi kwa utaratibu mpya. Niseme wazi kwamba vikundi hewa havikuundwa na mama ntilie. Viliundwa na watu walioujua mlango wa ofisi. Na kikundi chenyewe, kwa maumbile yake, kinampendelea mwenyeji. Wanaojuana ndio wanaounganisha katiba, muhtasari na akaunti ya benki. Aliyehamia mwaka jana nani atamdhamini? Upo pia mgawo wa asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, nao wengi wenu hamuugusi kwa sababu zabuni sasa zinapita mtandaoni, kwenye mfumo wa NeST, na fundi cherehani wa Handeni anayeweza kushona sare za shule nzima hajui pa kuanzia. Ofisa mmoja, kompyuta moja, siku moja kwa wiki, mlango wazi. Halmashauri haishindwi hilo.

Kuhusu wenye ulemavu, Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Sheria nzuri, lakini ni wangapi hapa mna wafanyakazi 20? Biashara zetu ni za watu wawili, watatu. Kwa hiyo sheria inatupita juu ya kichwa, na suala linabaki kwenye ngazi, meza na mitaro. Stendi ya Korogwe, basi la Arusha likisimama, wachuuzi huligonga kwa sauti. Mchuuzi kiziwi hapigi kelele. Huandika bei kwenye kikokotoo cha simu na kuinyanyua dirishani, abiria husoma na kulipa. Amejitafutia njia mwenyewe. Mwenzake wa kiti cha magurudumu hawezi, kwa sababu mtaro wa maji unamkata na jukwaa la stendi, na mfuniko wa zege wa mtaro ule ni kazi ya asubuhi moja ya fundi.

Nimalizie na vizimba. Mnajua nyote, ingawa hatusemi kwenye vikao, kwamba kizimba kinaandikwa jina la mtu mmoja na anayeuzia hapo ni mwingine. Aliyeandikwa analipa halmashauri ushuru mdogo, kisha anampangisha mama wa mchicha kwa mara kadhaa ya kiasi hicho. Mama huyo ndiye anayeunguliwa soko likiungua, naye hayumo kwenye orodha ya fidia. Hata kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kile kilichoanza mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000, hakikumpa haki juu ya pale anapokaa.

Naziomba halmashauri zetu nne, Mji wa Korogwe na Wilaya ya Korogwe, Mji wa Handeni na Wilaya ya Handeni, zibandike orodha ya wenye vizimba kwenye geti la kila soko kabla ya vikao vya bajeti: namba ya kizimba, jina la aliyeandikishwa, jina la anayeuza. Kamati za masoko zikae na wauzaji wenyewe, mmoja mmoja, ziwaandike. AMCOS zifanye vivyo hivyo na madaftari yao. Wafanyabiashara wa Manundu, anzeni ninyi, kwa kuwa mpo wengi hapa leo, na karatasi hiyo haihitaji kibali cha Dodoma.